Chumvi ya Matema

Tulifika Tukuyu na mvua,
ile isiyonyesha wala kukatika,
inayokaa tu hewani kama mgeni asiyeaga.
Mwezi wa sita, shule zimefungwa.
Wanangu, watoto wa vumbi la Dodoma,
wakavishwa masweta ya bibi yao yakafika magotini,
wakapuliza pumzi uani, wakaona moshi,
wakatangaza kwamba wanavuta sigara.

Siku tisa tulikuwa watu wa jikoni.
Mama alimenya ndizi bila kuzitazama,
kisu kikienda, macho yakihesabu nani amekonda.
Kaka Gwakisa alilifunga bomba la uani
kwa mpira uleule wa baiskeli
ambao Baba aliufunga kila likizo.
Halikupona. Halijawahi kupona.
Usiku tulilala wanne kitanda kimoja
tukigombea blanketi na habari za zamani.

Siku ya kumi, kama anayeagiza kiberiti,
Mama akasema: "Kesho twendeni ziwani."

Tukatazamana.
Miaka sitini na nne yuko mlimani huku.
Siku ya jua ziwa huonekana kule chini,
ukanda wa bati jipya nyuma ya migomba,
na hajawahi kulikanyaga.
Baba ndiye aliyekuwa akisema mwakani.
Kahawa ikilipa, mwakani.
Kahawa ililipa mara mbili.

Noah ya kuazima, ya mchungaji,
ikateremka masikio yakiziba,
na kila mteremko tukavua kitu:
Masoko masweta, Ipinda soksi.
Mama hakuvua.
Alipakata sufuria iliyofungwa kwa khanga.
"Ndizi za kununua mimi sili," alisema,
"nina migomba nyumbani inanitazama."

Matema. Milima ya Livingstone imeingiza miguu majini
na wanawake wa Kikisi wamepanga vyungu mchangani.
Ipyana, mdogo wangu wa mwisho kuzaa,
akakimbia na nguo zake zote,
akachota kwa viganja, akanywa,
akarudi na uso wa mtu aliyepunjwa:
"Mama, bahari hii wamesahau chumvi!"

Nikaanza somo: ziwa, mito, Nyasa.
Bibi yake akanisogeza kwa kiwiko,
akafungua pindo la kitenge,
akatoa gazeti lililosokotwa.
"Chumvi ninayo mimi. Ilikuwa ya mayai."
Mtoto akaenda nayo hadi maji ya kiunoni,
akainyunyiza taratibu, kama mpishi mwenye wageni,
akaonja.
Akasema bado.
Mayai tukayala hivyohivyo.

Mchana ulipolegea Mama alivua viatu,
akavipanga sawasawa, ncha zikielekea nyumbani,
akaingia hadi magotini, akasimama.
Akasema neno kuelekea ng'ambo.
Refu kidogo. Lilikuwa na kituo katikati,
kama anayempa mtu nafasi ya kujibu.
Gwakisa alitaka kumfuata; nikamshika shati.

Aliporudi alikuwa amekasirika kidogo.
"Si ya baridi," alisema. "Baba yenu aliniambia ni ya baridi."
Kisha akaenda kupatana bei ya chungu
nusu saa nzima, kwa shilingi mia tano,
akashinda, akamwachia mwenye chungu chenji.

Nyumbani mvua ilikuwa palepale tulipoiacha.
Asubuhi nilikikuta chungu chini ya lile bomba,
kinapokea tone, kinangoja, kinapokea.
Na usiku ule, gizani, wanne kitandani,
sauti ya Mama ikauliza kwa ukali
ni nani ameleta mchanga kwenye shuka zake.

Kimya.
Ulikuwa wa pindo la kitenge chake,
tulilala juu yake wiki nzima
na hakuna aliyekung'uta.